Panchakarma kwa ugonjwa sugu wa ngozi: mwongozo kamili, kuanzia vipimo mpaka uji wa kurudisha tumbo

Tuelewane kwanza. Ukisikia mtu wa pwani anasema anataka kusafisha damu ili ngozi ipone, mara nyingi anawaza haluli, sanamaki au mafuta ya nyonyo, anakunywa asubuhi anashinda chooni, jioni anasema basi nimesafishika. Panchakarma, tiba ya kusafisha mwili ya Ayurveda yaani tiba ya asili ya Wahindi, ina siku ya kuharisha kweli, ila ni siku moja tu ndani ya wiki tatu au nne za tiba, na zile siku za kabla na za baada ndo zenye kazi kubwa na ndo watu wanaziharibu. Mimi nilimsindikiza mdogo wangu mwenye soriasis (mabaka ya ngozi yenye magamba) kule Kerala, kusini mwa India, nikakaa naye wodini mpaka mwisho, na tangu hapo kila mwenye ngozi inayomsumbua ananiuliza maswali yaleyale. Kwaiyo nimeandika yote sehemu moja, kwa mpangilio, soma lote kabla hujaanza kutafuta tiketi.

Matarajio yako yawe hivi. Soriasis na ukurutu (wengi tunauita pumu ya ngozi) ni magonjwa yanayohusiana na kinga ya mwili na kwa sehemu ni ya kurithi, hakuna tiba ya kuyamaliza moja kwa moja, sio hospitali sio Ayurveda. Unachotafuta ni ngozi itulie kwa miezi mingi, uache kujikuna usiku, uvae mikono mifupi bila kujificha. Akitokea mtu anakuahidi kwamba utapona milele baada ya siku 21, huyo muache.

Nadharia yao ni kwamba chakula kisipomeng'enywa vizuri kinaacha uchafu wanaouita ama, unazunguka mwilini, zile nguvu tatu vata, pitta na kapha zinavurugika, alafu ngozi ndo inaonyesha. Hiyo ama hakuna maabara inayoipima, na tafiti kubwa za kulinganisha watu waliofanyiwa na wasiofanyiwa bado ni chache. Mimi nikikupa maoni yangu, naamini sehemu kubwa ya nafuu inatokana na mambo ambayo mgonjwa wa kwetu hayapati nyumbani, yaani wiki kadhaa bila pombe na sigara, kulala mapema, chakula chepesi, ngozi inapakwa mafuta kila siku na mtu mwingine, na akili imepumzika. Msongo wa mawazo, pombe, sigara na uzito mkubwa vinachochea soriasis, hilo hata madaktari wa hospitali wanakubali. Kwaiyo tiba ina maana, lakini usiuze kiwanja kwa ajili yake.

HATUA YA 1: Jua ugonjwa wako unaitwaje

Hapa wengi wanaruka na hapa ndo hela inapotea. Kuna mtu ana fangasi za kawaida, amepaka krimu ya steroidi (dawa kali ya kutuliza ngozi) miaka miwili, fangasi zimesambaa mwili mzima na sura yake imebadilika, anaamini ana ugonjwa wa damu chafu. Mwingine ana upele, nyumba nzima wanajikuna usiku, anahitaji dawa ya kupaka na kufua mashuka. Baka ambalo ukiligusa au ukilichoma na sindano halina hisia linaweza kuwa ukoma, na ukoma unatibiwa kwa antibayotiki ukapona kabisa, sasa ukienda kunyweshwa samli India unapoteza muda wakati mishipa ya fahamu inaharibika.

Ngozi nyeusi ina shida yake pia. Picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha soriasis nyekundu na magamba meupe, kwetu sisi inakuja na rangi ya zambarau au kahawia au kijivu, na watu wanaikosea sana. Nenda kwa daktari wa ngozi. Pale Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kikanda cha kufundisha madaktari wa ngozi kilichofunguliwa 1992, na wataalamu waliosomea pale wametapakaa Afrika Mashariki, kwaiyo ulizia hospitali ya rufaa iliyo karibu na wewe. Akiona inafaa atakwangua magamba aangalie fangasi au atakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Pima na virusi vya ukimwi, kwa sababu soriasis inayolipuka ghafla kwa nguvu wakati mwingine ndo dalili ya kwanza.

Jina hilo la ugonjwa liandikwe kwenye karatasi uende nalo. Vitabu vya Ayurveda vinaweka magonjwa ya ngozi kwenye kundi moja kubwa la kushtha, aina 18, saba kubwa na 11 ndogo, na humo ndani ukoma na ukurutu viko pamoja. Daktari mzuri wa Kerala mwenyewe atakuomba majibu ya hospitali.

HATUA YA 2: Angalia kama wewe ni wa kufanyiwa

Wafuatao wasifanye hii tiba ya kutapisha na kuharisha: mjamzito na anayenyonyesha, mtoto mdogo, mzee aliyedhoofika, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, mwenye bawasiri au mpasuko wa njia ya haja unaovuja damu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mwenye kisukari ambacho hakijatulia. Mwenye presha au ngiri asikubali kutapishwa kabisa. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo au mafuta ya damu yaliyopanda sana akae mbali na ile hatua ya samli nitakayoieleza chini, kwa sababu mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuamsha maumivu makali ya nyongo au kongosho.

Na kuna hili ambalo India wanaweza wasikuulize kwa uzito tunaoujua sisi: sikoseli. Kukaukiwa maji ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu ya sikoseli, sasa kuharishwa mara 15 kwa siku moja ni kujitafutia balaa. Kama una sikoseli acha kabisa, na kama kwenu kuna mwenye sikoseli na wewe hujawahi kupima, pima kwanza.

HATUA YA 3: Vipimo na dawa unazotumia sasa

Kabla ya kuondoka pima wingi wa damu, ini, figo (kreatinini), sukari, mafuta ya damu, chumvichumvi za damu hasa potasiamu, presha, na kama wewe ni mwanamke pima mimba. Hifadhi majibu, kwa sababu ukirudi utapima tena ini na figo na utalinganisha. Piga na picha za ngozi yako, sehemu zilezile, mwanga uleule, na tarehe. Bila picha mtu anajidanganya kwa pande zote mbili, anasema nimepona wakati hajapona au anasema haijasaidia wakati imesaidia.

Dawa sasa, na hapa naomba unisikilize vizuri sana. USIACHE dawa za hospitali ghafla ili ukasafishwe. Mtu aliyekuwa anameza vidonge vya steroidi akiacha siku moja, soriasis inaweza kulipuka mwili mzima, ngozi yote inawaka na kumenyeka au inatoka vipele vya usaha, na hiyo inaua. Wale mnaopaka zile krimu kali za betamethasoni na clobetasoli kila siku, na mnajijua, mkiacha kwa mkupuo ngozi itawaka pia, inabidi kupunguza taratibu na daktari. Anayetumia methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) ajue kwamba akikaukiwa maji figo zinashindwa kuitoa na inageuka sumu mwilini, kwaiyo daktari aliyeiandika lazima ajue ratiba ya kuharishwa. Dawa nyingi za presha, hasa za kukojolesha, na zile za kisukari, zinahitaji kurekebishwa siku za kufunga na kuharisha. Anayetumia ARV asiache hata dozi moja, ila saa ya kumeza ipangwe mbali na dawa ya kuharisha, na mitishamba yoyote ipitishwe kwanza kwa kliniki yake.

HATUA YA 4: Kuchagua sehemu

Kerala ndo panajulikana zaidi, na kuna sababu, kule Ayurveda ni hospitali za kawaida, watu wa pale wenyewe wanaenda. Arya Vaidya Sala ya Kottakkal ilianzishwa 1902 na P.S. Varier na mpaka leo inatengeneza dawa zake na kulaza wagonjwa. Thiruvananthapuram kuna chuo cha serikali cha Ayurveda chenye hospitali, kimeanza 1889. Nje ya Kerala kuna taasisi ya Jamnagar huko Gujarat, mji ambao shirika la afya duniani WHO nalo lilianzisha kituo chake cha tiba za asili mwaka 2022, na Delhi kuna All India Institute of Ayurveda.

Tofautisha hospitali na hoteli ya ufukweni. Hotelini unapewa masaji, maua kichwani na chakula kizuri, siku saba, wanaita panchakarma. Kwa mwenye ugonjwa hiyo ni likizo tu. Unataka sehemu yenye kibali cha NABH, bodi ya India inayokagua ubora wa hospitali, na daktari mwenye shahada ya BAMS, ambayo ni miaka mitano na nusu, ikiwezekana na MD, shahada ya juu, ya panchakarma. Waandikie kabla, waulize haya: mna daktari usiku? mnaweza kuweka dripu na kupima damu? hospitali ya kisasa iko umbali gani? mnatumia dawa zenye madini?

Hilo swali la mwisho usilisahau. Tawi moja la Ayurveda linaitwa rasa shastra linatumia zebaki, risasi na aseniki zilizochomwa kwa namna zao. Arogyavardhini, ambayo inaandikwa sana kwa ngozi na ini, ina zebaki. Rasamanikya inatokana na aseniki. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston wakakuta moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki, na walipochunguza zile za mtandaoni mwaka 2008 wakakuta karibu kiwango hichohicho. Waambie wazi unataka dawa za mimea tu, na orodha ya kila dawa iandikwe kwa jina. Hata mimea sio yote salama: guduchi, ambayo wengine wanaiita giloy, iliripotiwa na madaktari wa Mumbai kuumiza ini za watu kipindi cha korona, na bakuchi wanayopewa wenye vitiligo (mabaka meupe ya ngozi) inaifanya ngozi iungue juani.

Safari yenyewe kwa ufupi. Tangu 2023 India ina viza maalumu ya tiba hizi, inaitwa viza ya Ayush, hospitali inakupa barua. Ukitokea Kenya, Uganda au Kongo beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uwe umechanja siku 10 kabla, wengine pia ulizeni ubalozi. Kottakkal ndege ya karibu ni Kozhikode. Wenyeji wanapenda mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, mvua zimeshika na joto limepungua, wanasema mwili unapokea tiba vizuri. Ukiumwa wanakutibu mwezi wowote, lakini kama unaweza kuchagua, kipindi cha joto kali la Aprili ni kigumu kwa mtu anayewashwa.

HATUA YA 5: Kuwasha moto wa tumbo

Siku tatu hadi tano za kwanza hamna kitu cha kutisha. Unapewa dawa chungu za kuchemsha, wanaita kashayam, na chakula chepesi, mpaka ulimi uwe safi, choo kiwe cha kawaida na njaa ije kwa wakati. Hawaendelei mbele kabla ya hapo, na akitaka kukurusha moja kwa moja kwenye samli siku ya pili ili ratiba yako ya ndege itimie, kataa. Mdogo wangu alisogezwa siku kadhaa mbele kwa sababu tumbo lake lilikuwa limejaa gesi, tukanung'unika, baadae tukaelewa.

HATUA YA 6: Samli

Hii ndo snehapana na ndo mtihani mkubwa wa akili. Asubuhi na mapema, tumbo tupu, unakunywa samli iliyopikwa na mimea michungu, mara nyingi inaitwa tiktaka au mahatiktaka, na ndani kuna majani na magome ya uchungu unaoufahamu kama umewahi kunywa mwarobaini. Siku ya kwanza kidogo, kama mililita 30, kesho inaongezeka, keshokutwa inaongezeka, kuna wanaofika mililita 150 na kuzidi siku za mwisho. Inaenda siku tatu mpaka saba, sio zaidi.

Baada ya kunywa hauli chochote mpaka njaa ya kweli ije, unakunywa maji ya moto kwa funda dogodogo. Kichefuchefu kitakuja, maji ya moto na kutembea polepole chumbani vinasaidia, kulala mchana wanakataza. Njaa ikija unapewa uji wa mchele mwepesi. Maji baridi hapana, kiyoyozi hapana, jua kali hapana, simu na kelele punguza.

Dalili kwamba imetosha ni choo kuwa na mafuta, ngozi kulainika hata magamba yanalegea, na wewe mwenyewe kuichukia samli kiasi kwamba harufu tu inakutosha. Hapo daktari anasimamisha. Ukipata maumivu makali juu ya tumbo upande wa kulia au yanayopenya mgongoni, sema muda huohuo na usinywe tena, hiyo inaweza kuwa nyongo au kongosho.

HATUA YA 7: Mafuta ya nje na mvuke

Zinafuata siku chache za kupakwa mafuta mwili mzima, abhyanga, na kutolewa jasho. Kama itafuata kutapika inakuwa kama siku moja, kama ni kuharisha ni kama siku tatu. Kwa mgonjwa wa ngozi kuna mambo mawili ya kusimamia. Soriasis ikisuguliwa kwa nguvu inatokea hata sehemu iliyokuwa nzima, kwaiyo waambie wapake kwa mkono mwepesi, ile masaji ya kukanda misuli sio yako. Na ukurutu ukikutana na jasho unawasha sana, kwaiyo mvuke uwe mfupi au usiwepo. Mafuta ya kule yanapikwa na mimea ndani ya nazi au ufuta, yale ya mti wanaouita dantapala ndani ya mafuta ya nazi ndo maarufu kwa soriasis. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku moja, kwa sababu ufuta una watu unawadhuru.

HATUA YA 8: Siku yenyewe

Njia kuu tano ni vamana yaani kutapisha, virechana yaani kuharisha, basti ambayo ni dawa kwa njia ya haja kubwa, nasya ya puani, na kutoa damu. Haufanyiwi zote. Kwa ngozi inayowaka na kuuma wanapenda virechana, kwa ile inayotoa maji na kuwa nzito wanafikiria vamana. Ukiniuliza mimi, mgonjwa wa kwanza aombe virechana. Kutapishwa maziwa na maji ya dawa mpaka mara nane ni kugumu, presha inapanda na kushuka, na matapishi yakiingia kwenye mapafu ni hatari. Sioni faida ya ziada inayostahili hiyo hatari.

Siku ya virechana unapimwa presha na mapigo asubuhi, unapewa dawa, mara nyingi ni mzizi unaoitwa trivrit uliotengenezwa kama asali nzito, alafu unakunywa maji ya moto kidogokidogo. Baada ya saa moja au zaidi linaanza. Wanahesabu kila safari ya chooni, vitabu vyao vinasema 10 ni safisho dogo, 20 la kati, 30 kubwa, na mwisho inatoka ute. Wewe usifukuzie namba. Mdogo wangu aliishia katikati ya kumi na ishirini na ilitosha. Kaa karibu na choo, uwe na mtu, usifunge mlango kwa komeo maana kuna wanaozimia.

Uliza kabla kama wanaruhusu ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha, na usikubali sehemu wanayokataza kabisa. Kama hamna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sasa dalili za kuita daktari bila kusubiri: damu kwenye choo, kizunguzungu kisichoisha ukilala, misuli kukaza, moyo kwenda mbio au kurukaruka, kutokojoa masaa sita, kuchanganyikiwa. Hapo inatakiwa dripu na kipimo cha potasiamu, sio dawa nyingine ya mitishamba.

HATUA YA 9: Kurudisha tumbo, usiruke hata mlo mmoja

Nimeona watu wanaoharisha Jumatatu wakala biriani Jumatano kwa sababu wamejisikia wepesi, na wiki inayofuata ngozi imerudi na tumbo limevurugika. Utaratibu wanauita samsarjana na urefu wake ni siku tatu, tano au saba kulingana na ulivyoharisha.

Mlo wa kwanza jioni ileile ni maji ya uji wa mchele, mepesi sana, punje chache, bila sukari bila maziwa. Kama wewe ni wa siku saba unakaa kwenye huo uji milo kama mitatu. Unafuata uji mzito wa mchele uliolainika. Alafu supu ya choroko, kwanza bila chumvi wala mafuta, baadae na chumvi kidogo, bizari ya manjano, binzari nyembamba na samli kijiko kidogo. Ndo unakuja mseto, mchele na choroko umepikwa laini kama anavyopewa mtu aliyetoka kuumwa kwetu. Anayekula nyama anapewa supu nyepesi mwishoni kabisa. Kila hatua unasubiri njaa, usipokuwa na njaa unarudia hatua ileile. Mseto unaujua, kwaiyo hata ukirudi nyumbani hautashindwa, choroko zinapatikana kila soko, wa Mombasa wanaita pojo na wa bara Kenya wanaita ndengu.

HATUA YA 10: Tiba za nyongeza

Takradhara ni mtindi mwepesi uliochanganywa na maji ya mimea unaomiminwa taratibu kwenye paji la uso na kichwa, karibu nusu saa au zaidi. Kwa soriasis ya kichwa wanaitumia sana, magamba yanalainika na mgonjwa analala usingizi ambao hakuwa nao muda mrefu. Hii mimi naipenda, hatari yake ni ndogo, kausha tu kichwa vizuri.

Ruba nayo ipo. Wanawekwa kwenye baka nene wanyonye damu kidogo, na sisi tuliozoea kupiga chuku na hijama haitushangazi. Ila ruba ana bakteria tumboni mwake wanaoweza kuleta maambukizi, kwaiyo mwenye kinga iliyoshuka, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye damu pungufu asikubali, na ruba mmoja asitumike kwa watu wawili kwa hali yoyote. Vitabu vya zamani vinaelekeza mgonjwa wa ngozi atapishwe kila nusu mwezi, aharishwe kila mwezi na atolewe damu kila miezi sita. Usifuate hiyo ratiba na mwili wa leo wenye dawa za presha na ofisi ya kukaa.

HATUA YA 11: Ngozi ikizidi kuwa mbaya

Kuna maneno utayasikia, kwamba "sumu inatoka, vumilia". Kuwashwa kuongezeka kidogo siku za samli kunatokea. Lakini ukiona ngozi ya mwili karibu wote imekuwa ya moto na inamenyeka, unatetemeka baridi, miguu imevimba, au vipele vya usaha vimetokea makundi makundi, hiyo ni dharura ya hospitali ya kisasa siku hiyohiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwaiyo gusa, sikiliza joto, angalia unavyomenyeka. Macho ya njano na mkojo wa rangi ya chai nzito ni ini, acha dawa zote za mimea na upime. Viungo vya vidole kuvimba na kukakamaa asubuhi ni soriasis imeingia kwenye maungio, na hiyo inahitaji dawa za hospitali mapema kabla vidole havijapinda, hakuna kuharisha kutakakozuia.

HATUA YA 12: Nyumbani

Utarudi na chupa nyingi. Nusu ya hizo utaona baada ya mwezi huzitumii, kwaiyo muombe daktari akuchagulie mbili au tatu za muhimu na muda wa kuacha. Baada ya wiki nne hivi pima tena ini na figo, linganisha na ile karatasi ya mwanzo, na rudi kwa daktari wako wa ngozi na picha zote mbili, za kabla na za baada. Mwambie kila ulichokunywa. Kama dawa zinapunguzwa, yeye ndo apunguze.

Kila siku oga maji ya vuguvugu, muda mfupi, sabuni laini isiyo na manukato, jifute kwa kubonyeza taulo, na paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya nazi ghafi ni chaguo zuri na rahisi kwetu, huko Ufilipino walijaribu kwa watoto wenye ukurutu yakafanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Mafuta ya zeituni wengi wanayasifia ila yanadhoofisha ngozi ya mwenye ukurutu, achana nayo. Mwarobaini wa kuogea hauna shida kwa wengi, wa kunywa usinywe kiholela, na mafuta yake mtoto asinyweshwe kabisa, yamewahi kudhuru watoto vibaya.

Chakula, endelea na mseto jioni mara kadhaa kwa wiki, punguza pombe au acha, sigara acha, uzito ukizidi upunguze polepole. Kuna orodha ndefu ya vyakula vinavyokatazwa pamoja, kama samaki na maziwa, ukiweza fuata wakati wa tiba ila usigombane na familia nyumbani kwa ajili yake.

Na kwa yule ambaye India haiwezekani sasa hivi, haya ya hatua ya 12 yote anaweza kuyafanya kuanzia leo, na ya hatua ya 1 pia. Ambayo hapaswi kuyafanya mwenyewe ni samli ya kupanda dozi na kuharisha au kutapika, hata kama jirani amekuletea trivrit kutoka duka la dawa za Kihindi au amekuambia haluli ni kitu kilekile. Ukitaka kurudia tiba, acha angalau mwaka upite, angalia picha zako, hesabu miezi ngozi ilivyokaa imetulia, na kama haikufika hata mitatu hiyo hela peleka kwa daktari wa ngozi akuongezee matibabu mengine, kuna tiba ya mwanga na kuna sindano za kisasa ambazo kwa soriasis kali zinafanya kazi kubwa.